Kurasa Mbili Tupu

4 Februari

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Habari za siku nyingi, na samahani kwa hizo siku nyingi, maana najua mwenye kosa ni mimi. Wiki iliyopita nilikupigia simu mara mbili. Binti wa kaka yako akapokea, akasema umelala. Saa nne asubuhi, Mwalimu? Wewe uliyekuwa ukitukuta tumechelewa dakika moja unauliza kama tumefiwa? Nikajua tu umeninunia, na haki unayo. Basi naandika barua, jambo ulilojaribu kunifundisha pamoja na mengine mengi niliyoyashindwa.

Habari yenyewe ni hii: kile kipande changu kirefu kimekwisha. Kina piano, okestra nzima, na wenzangu wawili wa jazi, mpiga ngoma na mpiga besi. Unajua nilivyoishi miaka yote hii. Watu wa okestra wananiona mhuni wa baa, na watu wa baa wananiona padri aliyepotea njia. Sasa nimewapandisha wote jukwaa moja, wapende wasipende. Kitapigwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, katika ukumbi mkubwa wa hapa mjini.

Ndani ya bahasha hii kubwa zimo nota zote, zimechapwa safi, si mwandiko wangu ule wa kuku. Nataka uje. Nakuwekea kiti cha mstari wa mbele. Nimepiga mbele ya mawaziri, mbele ya maharusi, mbele ya watu waliosinzia juu ya sahani zao, lakini sijawahi kupiga kitu changu mwenyewe mbele yako hata siku moja. Jazi yangu hujaisikia. Nataka uisikie, kisha uniambie kama ni muziki. Sina shida nyingine kwako.

Wako,
Kiherehere


13 Februari

Kiherehere,

Marahaba. Sijakununia. Kununa ni kazi ya watu wenye nafasi. Simu siitaki tena, imekuwa kero tupu. Mwenye neno na mimi aandike, angalau atalifikiria kabla ya kulisema.

Nota zimefika. Nimezisoma mezani siku tatu. Mwanzo ni mzuri kuliko nilivyotarajia, na nilitarajia makubwa, ingawa sikuwahi kukuambia. Fidla umezipa nafasi ya kuvuta pumzi. Pale tarumbeta inapoingia bila kubisha hodi nilicheka peke yangu, binti akaja kuchungulia. Ukurasa wa ishirini na mbili, mkono wa kushoto, umejaza mno. Punguza. Una vidole kumi tu kama binadamu wengine, na viwili kati ya hivyo ni vivivu tangu utotoni.

Sasa nieleze hili. Baada ya ukurasa wa thelathini na moja pana kurasa mbili hazina kitu. Mistari ipo, juu yake umeweka herufi chache, na maneno "piano, huru". Nilidhani mchapaji amepitiwa. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele, nikakung'uta hata bahasha. Nota za pale ziko wapi? Niandikie utakachopiga, chote, mkono wa kulia na wa kushoto, unitumie kabla ya siku yenyewe.

Na ule vizuri. Kwenye picha ya tangazo uliyoiambatisha unaonekana shingo tu.

Mwalimu wako


20 Februari

Mwalimu,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mpiga ngoma akaja kuuliza kuna nini. Mchapaji wa watu hana hatia. Pale hapana nota kwa sababu hata mimi sijui nitapiga nini. Ndiyo jazi hiyo. Zile herufi ni za kunikumbusha njia, lakini hatua zenyewe nitazijua nikishaketi, kufuatana na besi itakavyoniambia, ukumbi utakavyokohoa, na moyo utakavyokuwa umeamka. Kesho yake ningepiga kingine kabisa. Kurasa mbili hizo ndizo moyo wa kipande. Zile nyingine zote ni nyumba niliyoijenga ili hizo mbili zipate pa kukaa.

Najua unawaza nini, na naiona mpaka sura yako. Nakumbuka siku nilipochomekea nota tatu za kwangu katikati ya zoezi. Ukafunga kifuniko cha piano polepole, vidole vyangu vikaponea chupuchupu, ukasema: "Muziki uko kwenye karatasi. Kama hauko kwenye karatasi, haupo." Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Nimebishana na maneno hayo maisha yangu yote, na hiki kipande, nikisema kweli, ni jibu langu.

Ndiyo maana watu wa redio walipoomba kurekodi niliwakatalia. Wamekasirika, na kiongozi wa okestra amekasirika zaidi yao. (Mama mwenye nyumba wangu akinisikia nikimwita kondakta anadhani ni yule wa basi, anashangaa kwa nini namwogopa kiasi hiki.) Nimewaambia hakuna atakayekikamata. Atakayekuwepo atasikia, na asiyekuwepo atasimuliwa.

Wewe utakuwepo, au siyo?

Kiherehere


1 Machi

Kiherehere,

Marahaba. Umejibu swali nisilouliza. Sikukuuliza jazi ni nini. Nimeomba nota.

Hujui utakachopiga siku hiyo, sawa, nimekuelewa, sijazeeka kichwa. Basi fanya hivi. Keti asubuhi moja, piga chochote kinachokujia mahali pale, ukimaliza andika kile ulichokumbuka, unitumie. Siku yenyewe ukibadilisha sitakushika shati. Nataka kitu cha kushika mkononi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga hawakuwa wapiga piano, lakini hilo walilijua.

Nakuomba. Unanijua, mimi si mtu wa kuomba.

Nitakuja. Binti wa kaka yangu atanisindikiza. Ameshanishonea gauni la njano, rangi ambayo sikuitaka, na kila nikilalamika anajifanya ana pini mdomoni.

Mwalimu wako


9 Machi

Mwalimu,

Shikamoo. Hapana.

Nimelala na barua yako siku kadhaa nikitafuta namna ya kukubali bila kujidharau, nimekosa. Nikiiandika inakufa. Kicheko cha mtu ukikiandika kinabaki "ha ha ha", na hakuna anayecheka. Maisha yangu yote nimekuletea karatasi ukaisahihisha. Mara hii moja njoo bila kalamu, ukae kama watu wengine, usikilize. Amri zako kwangu zimekuwa nyingi, na karibu zote nimezitii. Ombi langu ni hili moja.

Tiketi za basi na za ukumbini zimo humu. Gauni la njano litakupendeza.

Kiherehere


1 Aprili

Mwalimu,

Nimejizuia nisiandike, nimeshindwa.

Nilikuona. Kutoka kwenye kiti cha piano mstari wa mbele unaonekana wote, na lile gauni halikufichika. Ulikuwa na nota zangu mapajani, kidole kinafuata mstari, kama enzi zile za mazoezi. Nikasema haya, mazoea yana tabu, mwache. Tukafika kwenye kurasa zile mbili. Mwalimu, sijawahi kupiga vile. Sijui kilitoka wapi, na sidhani kama kitanirudia tena. Na wewe ulikuwa unafunuafunua kurasa, mbele, nyuma, kwa kelele, kama mtu anayetafuta tangazo la kazi kwenye gazeti. Wewe uliyetufundisha kwamba kugeuza karatasi mwenzio akipiga ni utovu wa adabu!

Nilipomaliza, ukumbi mzima ulipiga makofi katikati ya kipande, kama tulivyozoea sisi wa jazi. Hata wapiga fidla waligonga miguu sakafuni. Mikono yako haikutoka mapajani.

Bado nikajipa moyo kwamba utanisema vizuri nyuma ya jukwaa. Ukaja. Nikakuuliza: sehemu ile ya katikati umeionaje? Ukanishika shavu, ukasema, "Umekonda." Ukaondoka zako.

Kwa hiyo nimepata jibu. Hukuja kusikiliza. Masikio uliyaacha nyumbani, ukaja na macho tu, kutafuta kosa, na ulipofika mahali pasipo na cha kusahihisha ukaona hapana kitu. Kama muziki wangu kwako haupo mpaka uandikwe, sitakusumbua nao tena. Wala kwa barua.

Mwanafunzi wako wa zamani


10 Aprili

Kaka,

Mimi ndiye binti wa kaka yake Mwalimu, yule wa kupokea simu na kusema amelala. Ndiye pia wa gauni la njano. Shangazi hajui kama nakuandikia.

Barua yako aliisoma mezani, akaikunja, akasema, "Ameandika vizuri, hana kosa hata moja la koma." Kisha akaingia chumbani, na siku ile hakula. Ndipo na mimi nikaisoma. Kusoma barua ya mtu si ustaarabu, najua, lakini sijuti.

Shangazi hasikii. Naandika kwa herufi kubwakubwa ili usije ukasema hukuona. Shangazi yangu ni kiziwi.

Zilianza kupotea nota za juu. Akamwita fundi wa piano, akamwambia upande wa kulia umekufa. Fundi akaja, akaondoka, akaitwa tena, mwisho akaniita nje uani akaniambia piano ni nzima. Hospitali wakasema ni mishipa, haina dawa. Kile kifaa cha kuweka sikioni kwake kinavuma tu kama nyuki. Sauti yangu aliacha kuisikia mwaka juzi. Wanafunzi aliwaaga mmoja mmoja, akidai anataka kupumzika. Mimi ameniapisha nisimwambie mtu, na wewe hasa. Alisema, "Yule akijua, atanipigia kwa huruma."

Lakini muziki hakuuacha. Wenzake wanasoma magazeti, yeye anasoma nota. Anazitandaza mezani baada ya chai, na kichwani mwake anasikia kila kitu, fidla, tarumbeta, vyote. Kuna siku namkuta anacheka, kuna siku anafuta miwani. Nota zako zilipofika hakuinuka mpaka akafika kwenye zile kurasa. Akazirudia akizielekeza dirishani, kama mtu anayeangalia noti bandia.

Umeelewa sasa alichokuwa anakuomba? Hakutaka kukusahihisha. Ulichokiandika anakisikia chote. Kisichoandikwa ndicho asichoweza kukisikia, na wewe mwenyewe ulisema ndicho moyo wa kipande. Alikuomba mara mbili. Mimi naishi naye na sijawahi kumsikia akiomba hata kupitishiwa chumvi.

Kule ukumbini alifunuafunua kurasa kwa sababu alikuwa amepotea. Alikuwa anaangalia mikono ya wapiga fidla ajue mmefika wapi, na wao walikuwa wametulia. Kuhusu makofi, tulikubaliana nimguse kiwiko mwishoni. Yale ya katikati hakuna aliyeniambia kama watu hupiga, nikadhani wamekosea. Hilo ni kosa langu. Mengine ni yako.

Na alipokuambia umekonda, ni kweli umekonda. Njia nzima kwenye basi alikuwa anasema hivyo.

Binti wa kaka yake


2 Mei

Mwalimu,

Shikamoo. Usimkaripie binti. Amefanya kazi ambayo mimi na wewe tulipaswa kuifanya.

Nimeanza barua hii mara nyingi, nimeichana. Ile sentensi ya masikio, kama ingewezekana kuimeza ningeimeza, karatasi na wino. Nakumbuka ulivyonishika shavu, na mimi nikakutazama kama mtu aliyenyimwa haki yake. Ningekuuliza tu, "Una nini, Mwalimu?" Sikuuliza. Nilikuwa na shughuli ya kusubiri sifa.

Humu zimo kurasa sita. Ndizo nilizopiga siku ile, nota kwa nota, mkono wa kulia na wa kushoto. Watu wa redio wanasema najuta sasa, lakini nimewaambia sikuwahitaji, nimekumbuka vyote. Nimekaa nazo wiki nzima, kazi nyingine nimeziacha. Hakuna kilichopungua. Zitandaze mezani baada ya chai, uzisome polepole, ujue ndivyo ilivyokuwa.

Ukimaliza niambie, tafadhali, hata kwa neno moja.

Kiherehere wako, ukinikubali


14 Mei

Kiherehere,

Marahaba. Binti nimemkaripia, kisha nimemshukuru, kwa utaratibu huo huo.

Sentensi ya masikio usiibebe. Ni kweli niliyaacha, ila si nyumbani. Ungejua usingeandika, na hukujua kwa sababu nilificha, na nilificha kwa kiburi. Kiburi hicho unakifahamu. Nilikupa wewe nusu yake pamoja na mkao wa mikono.

Kurasa sita nimezisoma. Mara ya kwanza nilisoma kwa pupa, chai ikamwagika, utaona doa nikikurudishia. Ni nzuri. Kila kidole kiko mahali pake, na mwisho wake umetulia kama ninavyopenda. Nikazisoma mara ya pili nikajua kwamba sizo.

Nilikuwa mstari wa mbele, mwanangu, na asiyesikia ana kazi gani zaidi ya kutazama? Nilipochoka kukutafuta kwenye karatasi nilikutazama wewe. Mkono wa kushoto uliuweka juu ya goti. Ulikaa pale muda mrefu, wa kulia unatembea peke yake, nota moja moja, na wewe unaziangalia kama hukuzituma. Katika kurasa hizi mkono wa kushoto haupumziki hata mara moja. Kisha mpiga ngoma aliweka fimbo zake chini, mdomo wazi. Nimetafuta humu mahali ambapo mtu angeweka fimbo chini. Hapapo. Kushoto kwangu walikaa mke na mume waliokuja wamenuniana, hata kiti walikuwa wamekiacha katikati yao. Mke alihamia kile kiti. Nimetafuta na hapo pia.

Umeniandikia kitu cha kumpendeza mwalimu. Hukukumbuka, na hukuweza kukumbuka, maana kilishapita kama ulivyoniambia mwenyewe kwamba kitapita. Ulitaka kunifariji. Asante. Lakini usinidanganye tena. Nimebaki na macho tu, na uongo wa maandishi ndio unaonipata moja kwa moja.

Usije ukaja na wazo la kuniwekea mkono kwenye ubao wa piano nisikie mtetemo, kama watu wanavyosimulia kuhusu sisi viziwi. Nimejaribu. Binti alibonyeza, mimi nikashika. Ni kama kushika mlango wa friji. Ila njoo. Njoo ule.

Kuna jambo silali nalo vizuri. Miaka ile ulipokuwa bado huku kwetu, unapiga hotelini, nilikuwa napita barabara ile kila Alhamisi alasiri. Madirisha ya baa yalikuwa wazi. Nilijua ni wewe, mguso wa mtu uliyemfundisha haufichiki. Nikawa navuka upande wa pili, haraka, kabla sijasikia cha kutosha kukipenda. Masikio yangu yalikuwa mazima kabisa, Kiherehere. Wewe ndani unaogopa kunialika, mimi nje naogopa kuingia, na kati yetu dirisha limefunguliwa.

Siku ile ukumbini niliwaona watu wote wale, nyuso zao, wakisikiliza kitu ambacho hakikuwa kwenye karatasi. Na kilikuwepo. Ubishi wetu umeushinda. Laiti ungeushinda mapema, nikiwa bado nasikia.

Mwalimu wako